Mgonjwa Wangu Ana Miaka Kumi na Sita

Shahada ya udaktari wa mifugo pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, inasomwa miaka mitano, na sisi sehemu kubwa ya miaka hiyo tuliimaliza nyuma ya ng'ombe. Sina kinyongo na hilo, nchi yenye mifugo kama hii inahitaji madaktari wa ng'ombe kwanza. Mbwa tulimsoma hasa kama mlango ambao kichaa kinapitia kumfikia binadamu. Paka tulimgusa mwishoni mwishoni, muhula ukiwa umeshachoka. Uzee wa hawa wawili haukuzungumzwa sana, maana nani alikuwa amewaona wakizeeka? Mbwa wa Dar alimalizwa na gari, na kupe, na ugonjwa wa virusi vya parvo, au na kipande cha nyama yenye sumu alichorushiwa juu ya ukuta na watu wenye shida na televisheni ya mwenye nyumba. Paka naye alifika miaka mitano, sita, kisha siku moja hakurudi.

Sasa wanarudi. Nikiwa kliniki Jumamosi asubuhi, wakati foleni ni ndefu, napata mbwa wa miaka kumi na mbili na paka wa kumi na sita wakiwa wamekaa benchi moja na vitoto vilivyokuja kwa chanjo. Chanjo zimesaidia, kufunga kizazi kumesaidia, mageti na kuta vimesaidia. Wenye wanyama nao wamebadilika. Zamani mtu alisema "mbwa wa getini", siku hizi anakutajia jina lake na tarehe ya kuzaliwa.

Kilichobaki nyuma ni jinsi tunavyousoma uzee wenyewe. Kila juma nasikia neno lilelile, kutoka kwa profesa na kutoka kwa mlinzi: "Ni uzee tu huu, daktari." Amekonda, ni uzee. Anakunywa maji sana, ni joto na uzee. Hapandi tena kwenye kiti, uzee. Mkononi mwangu karibu kila "uzee tu" umekuwa na jina lake, na mengi ya majina hayo yana dawa.

Niwape mfano mmoja. Bibi mmoja wa Magomeni alikuja na kikapu kilichofunikwa kanga, ndani yake paka dume mweupe mwenye mkia uliokatika ncha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mzee mwenzangu. Anakula kunishinda mimi na wajukuu, lakini hebu mshike mbavu."

Nilimshika. Kisha nikamweka kwenye mizani. Kadi yake ya chanjo ilikuwa na uzito wa zamani, kilo 4.6, na sasa alikuwa na 3.4. Kwa macho huoni tofauti kubwa, kwa sababu manyoya yanaficha na kilo moja ni kitu kidogo masikioni mwetu. Lakini hiyo ni zaidi ya robo ya mwili wake. Mtu wa kilo 70 akishuka hadi 52 bila kufunga wala kufanya mazoezi, ukoo mzima unakaa kikao.

Bibi aliendelea kueleza. Paka analia usiku, kilio kirefu cha kama mtu. Majirani wameanza kusema maneno. Vijana wa mtaani wameapa kumpiga mawe, kwa hiyo jioni anamfungia jikoni, na humo ndani ndiyo analia zaidi. Hapa mjini na pwani yote hili si jambo dogo. Paka mzee mwembamba, macho yametoka, anayelia saa nane za usiku juu ya bati, hahitaji ushahidi mwingine ili aitwe mtumwa wa wanga. Sijui ni wazee wangapi wa kipaka wamekufa kwa tuhuma hiyo wakati walichokuwa nacho ni tezi ya shingo.

Ndivyo alivyokuwa huyu. Nilimwinua kidevu, nikashusha kidole gumba na cha shahada pande mbili za koo hadi kifuani, na upande wa kushoto kikateleza kivimbe kidogo chini ya kidole. Moyo ulikuwa unakimbia mapigo zaidi ya 240 kwa dakika. Ugonjwa huu wa tezi kufanya kazi kupita kiasi ulielezwa kwa paka kwa mara ya kwanza mwaka 1979 huko New York, na leo unajulikana kuwa miongoni mwa magonjwa ya kawaida kabisa ya paka wazee. Mwili unajichoma wenyewe, mnyama anakula kama shimo lakini anakonda, hatulii, halali, analia. Homoni inayopimwa, T4, ni ileile kwa paka na kwa binadamu, kwa hiyo damu inaweza kupelekwa maabara iliyozoea watu, ila viwango vya kusomea jibu ni vya paka. Dawa yake, kabimazoli, nayo ni dawa ya binadamu, inapatikana kwenye maduka ya dawa. Bibi hakuamini. "Yaani paka wangu anakunywa dawa ya goita?" Ndiyo, bibi, na kipimo chake utapewa hapa, usimgawie ya shangazi.

Tezi hii ina hila yake moja. Kwa kuwa inasukuma damu kwa nguvu, figo zilizochoka zinapata mtiririko mkubwa na kuonekana nzima kwenye vipimo. Ukiituliza tezi, ndipo ukweli wa figo unajitokeza. Ndiyo maana nilimwambia arudi baada ya wiki chache hata kama paka amenenepa na kunyamaza. Mwenye paka anaona nataka fedha ya pili. Natafuta figo.

Na figo ndizo zinazowaondoa paka wengi waliovuka miaka kumi. Wale tunaowatibu tunakadiria kuwa kati ya 3 na 4 katika kila 10 wa umri huo wana ugonjwa sugu wa figo kwa kiwango fulani. Figo ya paka haipigi kelele mapema. Kreatinini, taka ambayo figo huichuja, kwa kawaida haipandi kwenye damu mpaka sehemu kama theluthi mbili hadi robo tatu ya uwezo wa figo umeshapotea, na kufikia hapo kilichokwenda hakirudi. Kipimo kipya zaidi, SDMA, kilichoanza kutolewa kwa madaktari wa wanyama mwaka 2015, huona tatizo mapema kidogo, lakini hapa kwetu si kila maabara inacho. Mimi napenda kitu cha bei rahisi kuliko vyote hivyo: tone la mkojo kwenye refraktomita, kifaa cha mkononi kisichotaka umeme. Paka mzima anatengeneza mkojo mzito, juu ya 1.035 (maji matupu ni 1.000). Mkojo mwepesi kama maji, kwa paka anayekonda na kunywa kila bakuli analoliona, umeshasema mengi kabla damu haijatolewa.

Hapo ndipo tunakuja kwenye dagaa. Samahani sana wapenzi wa dagaa. Paka wa Dar, wa Tanga, wa Unguja, wengi wamelelewa kwa wali au ugali uliochanganywa dagaa, na kwa paka kijana mwenye figo nzuri sina ugomvi mkubwa. Lakini dagaa huliwa na mifupa yake, na mfupa ni fosforasi, na fosforasi ndiyo kitu cha kwanza tunachopunguza figo zikiumwa. Ongeza chumvi iliyotumika kuwakausha. Chakula maalumu cha figo kinachoagizwa kutoka nje kipo, na kinasaidia kweli, ila bei yake inawafukuza wateja wangu wengi. Kwa hiyo tunashuka ngazi: nyama ya kuku isiyo na mfupa, wali kidogo, na maji, maji, maji. Mchuzi wa kuchemshia kuku usio na chumvi wala kitunguu, mwagia juu ya chakula. Kitunguu nakitaja kwa makusudi kwa sababu kinavunja chembe nyekundu za damu za paka, na mapishi yetu hayajui kuanza bila kitunguu.

Halafu usimwage ule mchuzi. Paka hawezi kujitengenezea taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama, ya kumtosha, lazima aile, na inayeyuka kwenye maji ya kupikia. Mwaka 1987 ndipo ilipothibitishwa kuwa upungufu wake unawaletea paka moyo kutanuka na kushindwa kazi, na baada ya hapo watengenezaji wa vyakula vya paka wakaongeza taurini kwenye bidhaa zao. Sufuria lako haliongezewi na mtu. Moyo wa kuku una taurini nyingi, na buchani wanakuuzia kwa bei ya karibu na bure.

Sasa maumivu, ambayo kwangu ndiyo kiini cha yote. Mbwa akiumwa viungo unamwona: anachechemea, anainuka kwa awamu, nyuma kwanza inakataa. Paka haonyeshi hivyo. Anapunguza tu maisha. Dirisha alilokuwa analiruka anaacha kuliruka. Manyoya ya kiunoni yanashikana mafundo kwa kuwa shingo haigeuki kufika kule. Choo anaanza kuweka pembeni ya boksi lake badala ya ndani, kwa sababu ukingo umekuwa mlima, na nyumba nzima inamwita mchafu. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002 ulipiga picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12, ukakuta 90 wana mabadiliko ya viungo. Tisini! Ukiwauliza wenye paka, wangapi wangesema paka wao ana baridi yabisi?

Mara nyingi mimi naanza na kucha. Paka asiyetembea wala kukwangua, kucha zake hazipukutiki ganda la nje, zinazidi kuwa nene na kupinda. Nimewahi kufungua unyayo wa paka mzee nikakuta ukucha umezunguka duara kamili na kuingia kwenye nyama ya unyayo wake mwenyewe, umezungukwa na usaha, na mwenye paka ameambiwa na watu kuwa mguu "umeishiwa nguvu". Koleo la kukatia, pamba, dawa ya kusafishia kidonda. Alitoka anakanyaga.

Kinachonikosesha usingizi ni pale mtu anapotambua maumivu na kwenda duka la dawa peke yake. Jamani, parasetamoli inaua paka. Si "inaweza kumdhuru", inaua. Ini la paka halina njia ya kutosha ya kuivunja ile dawa, kwa hiyo mabaki yake yanageuza damu iwe ya rangi ya kahawia, isibebe tena hewa. Kidonge kimoja tu cha miligramu 500 kinatosha kummaliza paka wa kawaida. Ulimi unakuwa kama umenyweshwa chai ya rangi, uso unavimba, pumzi inakatika. Mbwa naye, usimpe diklofenaki wala ibuprofeni: nimeona vidonda vya tumbo vinavyotapika damu na figo zilizozimika, vyote kwa huruma ya mwenye mbwa. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili yao, meloksikamu ni mojawapo, na inapimwa kwa uzito, kwa uangalifu zaidi kwa paka, tena baada ya kujua figo zikoje.

Wenzetu wa nje wana habari kubwa upande huu. Zimekuja sindano za kingamwili zinazopigwa mara moja kwa mwezi, ambazo zinaifunga protini inayokuza na kupeleka ujumbe wa maumivu kwenye mishipa ya fahamu. Ya mbwa, bedinvetmab, iliruhusiwa Umoja wa Ulaya mwaka 2020 na Marekani 2023. Ya paka, frunevetmab, Ulaya 2021 na Marekani Januari 2022, ikiwa ya kwanza ya aina yake kwa mnyama yeyote huko Marekani. Mteja wangu mmoja ana binti yake Uingereza, akanitumia video ya mbwa mzee anayepanda ngazi mbio. Akauliza: tunaipata lini? Nilimjibu vitu viwili. Kwanza, sindano hizi hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi mkononi mwangu, na wewe na mimi tunajua umeme wetu. Pili, Desemba 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaandikia madaktari wa wanyama kuhusu madhara yaliyoripotiwa kwa mbwa waliopewa ile ya mbwa, yakiwemo kuyumba na degedege. Haijaondolewa sokoni, mbwa wengi wamenufaika nayo, na mimi ningeitumia kwa mgonjwa anayefaa. Ila nimefurahi kuwa wengine wametangulia kuvuka mto.

Habari nyingine iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni ya "kidonge cha kurefusha maisha ya mbwa". Kipo, lakini hakijaanza kuuzwa nilipoandika haya. Kampuni ya Loyal ya Marekani inajaribu dawa iitwayo LOY-002 kwa mbwa wa miaka 10 na kuendelea, na Februari 2025 FDA ilikubali kwamba ushahidi uliowasilishwa unatoa matarajio ya kuridhisha kuwa itafanya kazi. Wakati huo usalama wake na uzalishaji vilikuwa bado vinapimwa. Wakati tunasubiri, kuna kitu kilichokwisha kupimwa na hakina gharama. Watafiti wa Purina, kampuni ya vyakula vya wanyama, waliwafuata mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote. Nusu walilishwa robo pungufu ya wenzao. Matokeo yalichapishwa 2002: walioshiba waliishi wastani wa kati wa miaka 11.2, waliopunguziwa 13.0, na viungo vyao viliuma kwa kuchelewa. Karibu miaka miwili, kwa kupunguza sahani tu! Nawaambia hivi wenye nyumba za Mbezi na Masaki ambao mbwa wao wamekuwa meza. Mbwa wa uswahilini hana tatizo hilo.

Kwa mbwa jike kuna jingine, na hapa nitasema bila kupamba. Tunapowaambia mfunge kizazi, mnatuona wakatili. Mbwa jike asiyefungwa akizeeka, wiki kadhaa baada ya kupata joto mji wa mimba unaweza kujaa usaha. Takwimu za Sweden, ambako zamani majike wengi hawakufungwa, zilionyesha kuwa karibu robo yao walipata tatizo hilo kabla ya kufika miaka kumi. Anakunywa maji, anatapika, analala, mwenye mbwa anasema uzee, na ninapompasua namtoa mfuko mzito kuliko ningependa kuusimulia wakati watu wanakula. Upasuaji huo kwa bibi wa miaka kumi na moja, mwenye sumu kwenye damu, ni kamari. Kwa msichana wa miezi saba ni asubuhi ya kawaida.

Meno nitapita haraka: yanauma, yananuka, yanamfanya mnyama aache kula, na mfupa uliochemshwa unayavunja badala ya kuyasafisha.

Kuna tahadhari moja ninayoitaka isomwe hata na anayerukaruka aya. Mbwa mzee aliyebadilika ghafla, anayeyumba, anayedondosha mate, asiyemjua mwenye nyumba, usikimbilie kusema akili zimechakaa. Kadi yake ya kichaa iko wapi? Umri haumkingi, na wengi wakishavuka miaka minane mwenye mbwa anaona chanjo haina haja tena. Usimfungue mdomo kuangalia kama amekwama mfupa. Mfungie, piga simu, nawa.

Na paka aliyepofuka usiku mmoja, mboni zimetanuka, anagonga miguu ya meza: hiyo mara nyingi ni presha. Damu imesukuma retina, utando wa nyuma ya jicho, ikabanduka. Amlodipini ya binadamu inafanya kazi kwao vizuri, na ikianza ndani ya siku moja mbili kuna wanaorudishiwa macho kidogo. Hivyo usingoje Jumamosi.

Kuhusu mwisho, watu huniuliza faraghani, baada ya wengine kutoka. Wengine wanaogopa dhambi, wengine wanaogopa kuonekana wamemchoka. Mimi si shehe wala mchungaji, na siwapi fatwa. Ninachowapa ni vitu saba alivyoviorodhesha daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, mwaka 2004: maumivu, njaa, maji, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Kila kimoja alama sifuri hadi kumi. Nawataka wajaze nyumbani, kila mtu wa nyumba yake, bila kuchungulia ya mwenzake. Mara nyingi watoto ndio wanaotoa alama za ukweli. Tukifika huko, namlaza kwanza kwa dawa ya usingizi kabisa, halafu ndiyo sindano ya pili, na mwenye mnyama anakaa akitaka. Sipendi kusikia kwamba mtu ameenda kumtupa sokoni Kariakoo ili "ajimalizie mwenyewe". Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na hata kabla ya sheria tulikuwa na aibu.

Kwa mliosoma hadi hapa mkiwa na mzee nyumbani: paka akivuka miaka kumi, na mbwa akiingia robo ya mwisho ya umri wa aina yake (Boerboel, yule mbwa mkubwa wa Afrika Kusini, anaingia mapema kuliko koko), mleteni mara mbili kwa mwaka hata kama hana kitu. Mpimeni uzito kila mwezi. Kwa paka mizani ya jikoni inatosha, muwekeni kwenye beseni, muandike kwenye daftari lolote. Na anayewatibu muulizeni kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Bwana mifugo mzuri nitamheshimu siku zote, lakini presha ya paka si kazi yake.

Mkija, njooni na mkojo. Sitanii. Mwageni mchanga wote wa boksi usiku, mlioshe, likauke, wekeni maharage makavu kidogo ili paka apate cha kufukua. Maharage hayanyonyi haraka. Asubuhi inamisheni boksi, vuteni kwa bomba la sindano jipya lisilo na sindano, mfunge, andikeni saa, mlete kabla ya mchana. Na hayo maharage, tafadhali, yasirudi jikoni.